Ganda la Fumbo: Tamathali katika Nyimbo za Taarab

Wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalifumbua. Methali hii hutajwa kila inapozungumzwa taarab, na aghalabu hutajwa kwa sifa, kana kwamba kazi ya mtunzi ni kuficha na kazi ya msikilizaji ni kufichua, na mambo yakaishia hapo. Lakini ndani ya methali yenyewe mna onyo. Fumbo ambalo halina kazi ila kuficha halina umri mrefu. Likishafika sikioni mwa mwerevu, limekwisha. Ikiwa ni hivyo, kwa nini kuna nyimbo ambazo kila mtu Unguja na Pemba amekwisha kuzifumbua, na bado huombwa harusini? Na kwa nini nyengine, zilizotikisa kumbi kwa msimu mmoja au miwili, leo hakuna azikumbukaye ila kwa jina?

Swali hili lina uzito, kwa sababu lawama iliyozoeleka juu ya taarab ya kisasa imejengwa juu ya jawabu jengine. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilipovuma taarab ya kusimama na kucheza iliyopewa jina la rusha roho, wapenzi wa taarab asilia wamekuwa wakilalamika kwamba mipasho imeiua sanaa hii kwa ukali wa maneno na utovu wa adabu. Malalamiko hayo yana chembe ya ukweli, lakini yamekosa shabaha. Ukali si mgeni katika uwanja huu. Kilichopungua ni ganda la fumbo, yaani ule upande wa nje ambao wahakiki wengi huupita haraka ili wafike kwenye maana iliyofichwa.

Ukali wa tangu zamani

Yatosha kutazama nyuma. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, alijibizana na washairi wa Lamu kwa beti zilizouma, katika zama ambazo miji hiyo miwili ilikuwa na uhasama wa silaha pia. Zaidi ya karne moja baadaye, katika Mombasa hiyo hiyo, vyama vya lelemama vya wanawake kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo, na nyimbo hizo hazikuwa za kubembelezana. Unguja nako wanawake walishindana kwa nyimbo katika vikundi vyao muda mrefu kabla ya kinanda cha umeme kuingia ukumbini.

Na Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mnamo mwaka 1880 na kufariki mwaka 1950, hakuimba maneno laini peke yake. Huyu ndiye anayekumbukwa kwa kuitoa taarab katika Kiarabu cha jumba la Sultani na kuitia katika Kiswahili cha watu wa Ng'ambo. Ndiye aliyevuka bahari na wenzake mwaka 1928 kwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri. Miongoni mwa nyimbo zilizoimbwa na kundi lake zimo zilizowagusa wenye nguvu na zilizowauma wenye makosa. Anayedhani kwamba taarab ya kale ilikuwa maua na marashi matupu hajaisikiliza.

Kwa hiyo, ikiwa wa kale walikuwa wakali na wa leo ni wakali, tofauti lazima itafutwe pengine.

Muhogo ulio muhogo

Kila fumbo la wimbo lina pande mbili. Kuna kitu kinachotajwa: muhogo, jahazi, ndege, ua, kisima. Kuna na jambo linalokusudiwa: mapenzi, usaliti, husuda, uroho wa madaraka. Msikilizaji wa kawaida na mhakiki wa kawaida hukutana katika tabia moja: wote wawili hukimbilia jambo linalokusudiwa. Wimbo ukimalizika, swali ni "amemkusudia nani?" Ni nadra mtu kuuliza ikiwa muhogo uliotajwa ni muhogo kweli.

Uchukuliwe wimbo mashuhuri wa "Muhogo wa Jang'ombe", ambao Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliuimba kwa miaka mingi hadi karibu na kufariki kwake mwezi wa Aprili mwaka 2013. Wengi wa wausikiao hufahamu kwamba habari si ya muhogo. Hapana siri. Bali jina lenyewe la wimbo lina nguvu ambayo haimalizwi na kufahamika huko. Jang'ombe ni mtaa wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe; muhogo ni chakula cha kila nyumba, cha aliye nacho na asiye nacho. Muhogo hukaa chini ya ardhi na hakuna auonaye unavyonenepa. Mtamu na mchungu hufanana kwa majani na kwa ganda, na ajuaye ni aliyeuonja. Ladha yake hufuata udongo, ndiyo maana mtu hutaja umetoka wapi. Ukiachwa ardhini husubiri. Ukishang'olewa hausubiri, baada ya siku chache umeharibika.

Hakuna hata moja kati ya mambo haya linalohitaji kuelezwa na mwimbaji, kwani msikilizaji wa visiwani huyajua kwa mikono na kwa ulimi wake. Anapoyahamishia kwenye mapenzi, yanahama yote pamoja: usiri, hatari ya kuonja, umuhimu wa asili, na ule muda mfupi baada ya jambo kutoka hadharani. Fumbo hili limekwisha kufumbuliwa mara elfu na bado lina kitu cha kutoa, kwa sababu kila mwenye kuujua muhogo hukuta humo jambo ambalo mwenziwe hakulitaja.

Kuna faida nyengine. Bi Kidude alikuwa bikizee na fundi wa unyago, mwenye kujua kusema wazi pale ambapo wazi pana ruhusa. Lakini jukwaa la taarab si chumba cha wari. Hukaa hapo mama na mkwewe, babu na mjukuu. Ganda la muhogo liliwawezesha wote kukaa pamoja na kucheka, kila mmoja kwa kiasi cha umri wake, bila ya yeyote kulazimika kuinamisha uso.

Kuku wa jirani

Mfano wa kubuni utalidhihirisha zaidi jambo hili. Wachukuliwe watunzi wawili walioombwa wimbo na mke mmoja ambaye mumewe anakesha nyumba ya jirani. Mtunzi wa kwanza anaeleza rangi ya mlango wa huyo jirani, deni lake dukani, na mwendo wake anapopita njiani. Haliti jina, lakini hana haja ya kulitaja. Mtunzi wa pili anaimba juu ya kuku anayelishwa kwake asubuhi na kwenda kutaga kwa watu.

Wimbo wa kwanza una picha nyingi, wala si kweli kwamba hauna tamathali. Waweza kumfananisha jirani na kinyago, gunia au popo. Lakini picha hizo hazina uhusiano wowote na kinyago wala popo. Zimeokotwa kwa ajili ya kurushwa, na jiwe likisharushwa halina kazi tena.

Wimbo wa pili una kuku. Kumwita mume kuku atagaye ni dhihaka tosha, lakini mtunzi hakuishia hapo, kwa sababu kuku ana mambo yake. Mwenyewe akichukua pakacha kwenda kuulizia, jirani huapa kwamba hajaona hata yai moja, na maganda yapo jaani. Ubeti wa pili umepatikana. Mwenyewe akirudi, humfunga kuku kamba mguuni. Kila aliyefuga anajua kinachofuata: kuku wa kamba haachi kutapatapa, na pengine hatagi kwake wala kwa jirani. Hapo mtunzi, kwa kuufuata ukweli wa kuku, amefika mahali ambapo hakukusudia kufika. Wimbo ulioanza kumshitaki jirani sasa unamuuliza mwenye kuku kuhusu kamba yake.

Hili ndilo jambo ambalo ganda jembamba haliwezi kulifanya. Ganda la kweli humfunza mtunzi, kwa kuwa vitu vya duniani havitii hasira za mtu. Vina desturi zao, na anayezifuata kwa uaminifu hujikuta amesema haki zaidi ya alivyotaka. Tusi hujua tangu mwanzo litakapoishia. Fumbo lenye ganda humchukua mtunzi hadi kwenye sehemu yake mwenyewe ya kosa.

Ndiyo maana watunzi waliovijua vitu kwa kazi zao wameacha mafumbo yenye kudumu. Haji Gora Haji, malenga wa Tumbatu aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2021, aliitunga taarab pia licha ya mashairi yake. Shairi lililoipa jina diwani yake ya "Kimbunga", iliyotoka mwaka 1994, limesomwa kwa njia nyingi, na litaendelea kusomwa, kwa kuwa kabla ya kuwa kitu chengine chochote, upepo wake ni upepo wa mtu aliyeijua bahari.

Aliyesimama kutunza

Kuna sababu ya pili ya kulithamini ganda, nayo imo katika namna taarab inavyosikilizwa. Shairi la kitabuni hukutana na msomaji mmoja mmoja. Wimbo wa taarab hukutana na ukumbi mzima kwa wakati mmoja, na ukumbi huo hujibu. Ubeti ukimgusa mtu, husimama, akashika noti, akenda kwa madaha hadi kwa mwimbaji akamtunza. Safari hiyo ya hatua chache ni tafsiri. Anayesimama amesema: ubeti huu ni wangu. Akipita mbele ya kiti cha fulani na kumgeukia kidogo, amesema pia: na wewe unakuhusu.

Kwa hivyo mwisho wa fumbo la taarab haumo mkononi mwa mtunzi. Mtunzi hutoa nusu. Nusu ya pili hutolewa na aliyesimama, na mtu huyo kesho atakuwa mwengine. Usiku wa leo kuku ni mume wa mtu. Usiku wa kesho ni mfanyakazi anayelipwa huku na kutumikia kule. Harusi ijayo ni mtoto aliyesahau kwao. Wimbo wenye ganda zima una nafasi kwa wote hao. Wimbo uliotaja rangi ya mlango una nafasi ya mtu mmoja, na huyo akihama mtaa, wimbo hauna pa kukaa. Kanga hufuata kanuni hiyo hiyo. Maneno yake yamechapwa kwa maelfu bila ya kumkusudia mtu, na mkusudiwa hupatikana pale mvaaji anapochagua siku ya kuivaa na mlango wa kupita.

Muundo wa taarab asilia ulilijua hili. Katika mpango uliozoeleka na vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, kilichoanza mwaka 1958, wimbo huwa na beti chache, aghalabu za mishororo mitatu mitatu, na baina ya ubeti na ubeti ala hupewa muda. Fidla na ganuni zinapojibizana, msikilizaji huugeuza ubeti kichwani. Anatazama kulia na kushoto. Anafikiri juu ya jirani, halafu, akiwa mkweli, anafikiri juu ya nafsi yake. Muda ule wa ala ni sehemu ya fumbo, kwani ndipo linapofumbuliwa.

Lilivyokonda ganda

Mtu akilitazama fumbo kwa macho haya, ataona lililotokea katika miaka ya 1990 kwa uwazi zaidi kuliko walioona utovu wa adabu peke yake. Mapigo yaliongezwa mwendo ili watu wacheze. Muda wa kufikiri ukapungua, na kibwagizo cha kurudiwa kikachukua nafasi kubwa. Kanda za kaseti zilitaka nyimbo mpya kila mara. Zaidi ya hayo, ushindani wa vikundi ulikuwa sehemu ya biashara. Dar es Salaam iligawika baina ya TOT, alikokuwa Khadija Kopa, mwimbaji aliyelelewa na Culture hapa Unguja, na Muungano, alikokuwa Nasma Khamis. Kila wimbo mpya wa upande mmoja ulipokewa kama jawabu kwa upande wa pili.

Waimbaji hao wawili walikuwa na sauti na haiba ambazo hakuna mwenye haki atakayezikana, na nyimbo zao kadhaa zina mafumbo mazima. Lakini mazingira yalikuwa mabaya kwa ganda. Msikilizaji anapoingia ukumbini ameshaambiwa wimbo unamhusu nani, hana sababu ya kuutazama muhogo. Mtunzi anapojua kwamba hautatazamwa, hana sababu ya kuuchunguza. Basi kitu kinachotajwa kikawa kisingizio tu. Majina ya wanyama na vyombo yakapangwa moja baada ya jengine ndani ya ubeti mmoja, paka, gunia, debe, bila ya hata kimoja kupewa nafasi ya kuwa yenyewe. Wingi wa tamathali ulionekana kuwa utajiri, kumbe ndio ulikuwa ufukara.

Haifai kulaumu vitu vya kisasa kwa hilo, kama baadhi wanavyofanya wanapochekea nyimbo zenye simu, gari na dozi ya daktari. Kitu kipya chaweza kuwa na ganda zima. Ushahidi mzuri uko nje ya taarab, katika muziki wa dansi wa Bara. Ukimwi ulipokuwa ukiogopwa hata kutajwa, Remmy Ongala aliimba "Mambo kwa Soksi". Soksi ni kitu cha dukani, hakina ushairi wa kurithi. Lakini huvaliwa kwa hiari, huvaliwa mapema, na asiyeivaa huumia baadaye, si wakati ule ule. Kwa neno moja la kila siku, mzazi na mtoto waliweza kusikia onyo moja bila ya kukimbiana. Redio Tanzania haikukubali kuupiga wimbo huo, na kukataa huko kwafunza kwamba fumbo likifahamika na wote haliwi tena kificho. Linabaki kuwa heshima, na heshima hiyo peke yake ilitosha kuufikisha wimbo kwa watu.

Palipo na haki ya kutaja

Hoja hii yaweza kupingwa kwa mfano mmoja mzito, nao ni wimbo wa "Kijiti" ulioimbwa na Siti na wenzake. Humo mna kisa cha mgeni wa kike aliyetoka Dar es Salaam akauawa Unguja. Muuaji akakimbia, na wanawake waliotoa ushahidi ndio walioishia kuadhibiwa. Wimbo huo unasimulia. Mwenye kosa anatajwa kwa jina alilojulikana nalo. Hapana muhogo wala kuku. Nao ni miongoni mwa nyimbo zisizosahaulika.

Je, ganda liko wapi? Halipo, na halikuhitajika, kwa kuwa jambo lenyewe halikuwa la siri wala la nyumba mbili. Damu ilikuwa imemwagika na mahakama ilikuwa imewageukia wanyonge. Pale ambapo dhulma ni ya hadharani, kutaja ni kushuhudia. Fumbo lina mahali pake, na mahali pake ni ugomvi wa watu ambao kesho lazima waishi pamoja: wake wenza, majirani, mawifi, wapenzi walioachana, vikundi vinavyogombea ukumbi mmoja. Watu wa namna hii hawana hakimu wa kuwatenga. Wanateka maji bomba moja na kuzikana makaburi yale yale. Fumbo humpa mkosaji habari ya kosa lake na papo hapo likamwachia mlango wa kutokea: aweza kuondoka ukumbini akisema haukunihusu, akarudi nyumbani, akajirekebisha kimya kimya. Aliyetukanwa hana mlango huo. Hana ila kujibu.

Ukiipima mipasho iliyokonda kwa mizani hii, kosa lake kubwa linaonekana. Imeutumia ule uwazi wa "Kijiti" pasipo na damu wala mahakama, juu ya mwendo wa mtu, umbo lake na deni lake la dukani. Imemtaja aliyestahiki kusitiriwa.

Wanaoandaa mashindano ya taarab, na wanaozihakiki nyimbo kabla ya kupigwa, wamezoea kuuliza ikiwa neno fulani ni tusi. Swali hilo halina budi kuulizwa, lakini mtunzi hodari hulikwepa kwa urahisi. Faida zaidi itapatikana kwa kuanza na swali jengine: maana ya ndani ikiwekwa kando kabisa, wimbo huu umesema kweli juu ya kuku? Ukiwa umesema kweli, ukali wake utastahimilika na watakaokuja watauimba juu ya magomvi yao wenyewe. Ukiwa haujasema kweli, hata maneno yake yawe safi namna gani, hautamfikia mtu yeyote baada ya yule uliyemlenga. Watunzi chipukizi wa visiwani hawana haja ya kwenda mbali kujifunza haya. Kuku wangali wanataga kwa jirani, na muhogo ungali unachimbwa bila ya mchimbaji kujua ladha yake.